Rozari za Kutoka Doha hadi Seattle

Jumapili, 3 Agosti 2025

Jumuiya yetu ya Kikatoliki imekutana kwa Mama Evelina. Habari kubwa! Digna, binti yake wa pekee, anakwenda Marekani. Mji unaitwa Seattle. Digna anachunguza mbu, na wachunguzi wa mbu wa dunia nzima wameitwa huko wakaelezane waliyoyaona. Miaka yote nimeumwa na mbu wa Namawala, na wa kwenda Marekani ni yeye.

Mama Evelina akasimama na ombi. Haombi mchango. Anaomba dakika. Miaka kumi na tisa iliyopita mumewe, marehemu Ponsiano, alipanda lori la Mahenge alfajiri wakati yeye yuko shambani. Hakuna aliyemwombea hata Salamu Maria moja. Lori likapinduka. Tangu siku ile ana nadhiri: mtoto wake hatakuwa safarini hata dakika moja bila mtu kushika rozari kwa ajili yake. Safari za basi huzishika mwenyewe. Lakini hii ya angani ni ndefu na magoti yake yamechoka. Anaomba tugawane zamu.

Mzee Beatus, ambaye kwa kawaida husinzia tangu ishara ya msalaba, akafumbua macho akauliza: ni saa ngapi mpaka huko? Tutagawanaje kitu tusichokijua urefu wake?

Nikasimama. Mimi, Fulgensi, katibu wa jumuiya, mwenye steshenari pale Kibaoni, Ifakara, ambaye tiketi ya Digna imechapwa kwenye mashine yangu. Nikasema niachieni mimi. Makofi!

Uchaguzi wa mwenyekiti ni Jumapili ijayo. Bibi Paulina, mwenyekiti wa sasa, anapumzika kwa uzee. Wagombea ni wawili: mimi na Masalu. Masalu, mtu aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Meatu juzi tu. Mke wangu Stefania anasema ni miaka kumi na minne. Ni juzi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefunga steshenari saa tano ili nihesabu kwa utulivu. Tiketi ni hafifu kidogo. Mashine yangu haitoi wino upande wa kulia tangu Pasaka, kwa hiyo safu ya mwisho imebaki nyeupe. Haidhuru. Vya muhimu vinaonekana.

Kuondoka Dar es Salaam Jumatano saa kumi na moja jioni, kufika Doha, Uarabuni, anakobadili ndege, saa tano kasoro dakika kumi usiku. Hiyo ni saa tano na dakika hamsini. Kuondoka Doha Alhamisi saa mbili kamili asubuhi, kufika Seattle Alhamisi hiyohiyo saa saba kasoro dakika ishirini mchana.

Nikatoa. Nikatoa tena kwa kikokotoo. Saa nne na dakika arobaini!

Yaani kipande cha pili ni kifupi kuliko cha kwanza. Ajabu hii ikaninyima raha. Nikashusha ramani ya dunia ukutani (ipo pale tangu 2019, hakuna anayeinunua) nikavuta uzi wa Stefania wa kushonea. Doha iko hapa, jirani kabisa. Seattle iko kule ukingoni kushoto, karibu na Kanada. Uzi ukapita juu ya Misri, chini kidogo ya Hispania, ukavuka Atlantiki yote, ukavuka na Marekani nzima. Kwa kipimo cha ramani: kilomita elfu kumi na tano na mia sita. Nikagawa. Kilomita elfu tatu na mia tatu kwa saa!!

Nimeitazama namba hiyo mpaka chai ikapoa. Basi la kutoka Mkula likifika themanini abiria wanapiga kelele. Kumbe kuna vyombo vya namna hii na watu wamekaa kimya. Nadhani ndege ya kwanza ni ya kawaida, na ya pili ni ya watu wenye haraka zao.

Ifakara nzima anayejua jambo hili ni mimi.

Orodha imekamilika. Nusu saa kwa kila mtu. Safari ya Doha watu kumi na wawili, ya Seattle watu tisa tu. Masalu nimempa saa sita mchana, jua linapochoma. Dakika kumi za mwisho, za kutua, nimejipa mwenyewe. Saa chache, magoti machache, kura nyingi.

Jumanne, 5 Agosti

Digna ameondoka na basi la alfajiri. Mama yake alimshika mkono dirishani mpaka kondakta akaomba radhi.

Nikabandika orodha mlangoni kwa Mama Evelina. Watu wakajaa. Nikawaeleza na njia: Digna akichungulia kulia ataiona Hispania. Mama Evelina akaniuliza ni kweli ni saa nne na ushee tu? Nikamwambia mama, hesabu haidanganyi. Akashusha pumzi. Akasema Mungu anibariki, maana alikuwa halali akiwaza ni siku mbili.

Wote wakafurahi isipokuwa mmoja. Masalu alisoma orodha taratibu, kidole chini ya kila jina, akaisoma mara ya pili, kisha akasema mbele za watu: "Katibu, mimi ng'ombe nimewaswaga kwa miguu toka Meatu mpaka hapa. Ng'ombe hawezi kutembea siku sita kwenye kipande kifupi, halafu kile kirefu akakimaliza kwa siku nne na nusu."

Nikamjibu kwamba ndege si ng'ombe. Watu wakacheka kweli. Mzee Beatus alicheka mpaka akakohoa.

Masalu naye alicheka. Halafu akaniuliza, kwa upole, ile safu nyeupe upande wa kulia ilikuwa na nini. Nikamwambia matangazo.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Tulianza saa kumi na moja kamili jioni, Digna alipotuma ujumbe kwamba milango imefungwa. Zamu zilikwenda bila pengo. Mzee Beatus alilala kwenye tendo la tatu la zamu yake, lakini Stefania alikuwa nyuma yake akaidaka Salamu Maria kabla haijaanguka.

Ilipotimu saa tano kasoro dakika kumi nikasimama nikatangaza kwamba sasa magurudumu yanagusa chini. Dakika nane baadaye simu ikalia. Digna! Yuko Doha, mzima, kuna joto.

Watu walinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nilipoleta mashine ya kwanza ya fotokopi Lipangalala. Mama Evelina alinishika mikono miwili. Masalu akanipongeza pia, akasema saa tano na dakika hamsini ni kipimo kizuri cha kukumbuka. Sikuelewa anakikumbuka cha nini. Wivu huo.

Kwa furaha nikawaahidi kwamba kesho Digna akitua tutakula pilau na kuku wawili kwa gharama yangu. Kuku ni wa Stefania. Nitamwambia asubuhi.

Alhamisi, 7 Agosti

*Saa mbili na robo asubuhi.* Digna ameaga kutoka Doha, amezima simu. Zamu ya kwanza imeanza. Stefania ameambiwa habari za kuku. Hanisemeshi.

*Saa saba kasoro dakika ishirini mchana.* Nimefunga rozari ya kutua kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikasimama. Nikatangaza: mwanetu ametua Seattle! Vigelegele! Mama Evelina akalia kwa furaha. Pilau ikapakuliwa. Masalu hakula. Alikaa kwenye kiti cha pembeni na rozari yake, kichwa chini. Amenuna, nadhani, maana kura zinamponyoka.

*Saa nane.* Mama Evelina amepiga simu mara sita. Haipatikani. Nimemweleza kwamba uwanja ule ni mkubwa, kuna foleni ya pasipoti.

*Saa tisa kasoro.* Haipatikani. Nimemweleza kwamba chaji imeisha, na soketi za Marekani zina matundu ya namna nyingine.

*Saa tisa na nusu.* Haipatikani. Nilikuwa naanza kueleza habari za mizigo kuchelewa. Mama Evelina akainua mkono kunizuia. Hakulia. Aliiweka simu mapajani akaitazama. Akasema ndivyo ilivyokuwa siku ile: walimwambia Ponsiano ameshafika Mahenge salama, akaenda zake kupika.

Hakuna aliyeendelea kula. Sahani yangu niliisukuma chini ya kiti. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliiangalia karatasi yangu mlangoni na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hizo namba zimeandikwa juu ya mtoto wa mtu.

*Saa kumi jioni.* Masalu ameomba tikiti.

Nilifikiri anataka kula. Akaletewa moja kutoka kwenye mkokoteni wake wa matikiti ulioko nje, la mviringo mzuri, na kipande cha mkaa. Akaniomba mimi, Katibu, niichukue ramani yangu nimwonyeshe miji iko wapi. Kwenye tikiti akachora Dar, akachora Doha. Akaligeuza mpaka nyuma, akachora Seattle. Kikonyo kikawa kaskazini, kwenye barafu. Akauvuta uzi kutoka Doha hadi Seattle, ukakaza. Na uzi ule haukupita Hispania. Haukupita Atlantiki. Ulipanda juu moja kwa moja, ukapita ubavuni mwa kikonyo, ukashukia upande wa pili!

Nikamnyang'anya uzi. Nikavuta mwenyewe. Nikajaribu kuulazimisha upite Hispania kama ramani inavyosema. Ukawa mrefu zaidi! Ukiuachia na kuukaza, unarudi kule kwenye kikonyo. Nilifanya mara tano. Nilisahau kila kitu. Dunia nimeiuza ukutani miaka sita ikiwa imelazwa kama mkeka, na haijalala.

Stefania akanigusa bega, akanikumbusha kwamba mama wa watu anasubiri.

Masalu akaukata uzi wa Dar hadi Doha akaulaza juu ya ule mwingine. Mara mbili na nusu. Akasema kipande kidogo jana kilikula saa tano na dakika hamsini, basi kikubwa, kwa mwendo uleule, ni kama saa kumi na nne na nusu. Aliondoka saa mbili asubuhi. Hajatua, mama. Hajachelewa. Yuko angani, simu imezimwa, atafika karibu na saa tano usiku.

Nilidhani Mama Evelina atafurahi. Akapauka. Akauliza kwa sauti ndogo: kama bado yuko angani, tangu saa saba kasoro nani alikuwa anamwombea? Tulikuwa tunakula!

Saa tatu na zaidi! Nadhiri ya miaka kumi na tisa, nimeivunja mimi kwa pilau. Sikuweza kumtazama.

Ndipo Masalu akakohoa. Akasema, kama mtu anayekiri dhambi, kwamba yeye tangu saa sita hajaiachia rozari. Samahani kwa Katibu, alisema, lakini ile hesabu hakuiamini, akaona aendelee mpaka simu iite. Akaonyesha. Ilikuwa mkononi, shanga za mbao, kidole kwenye tendo la nne. Hata wakati wa tikiti aliivingirisha kwenye kiganja cha kushoto, midomo ikienda.

Mama Evelina alifunika uso kwa khanga. Akalia sasa, kilio kirefu. Akasema hakuna dakika iliyopotea. Akairudia hiyo mara tatu.

Nami nilifarijika mno. Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilifarijika kwanza. Kisha nikafikiria kura. Njama! Mtu anasali saa nne kwa siri ili kunichomoa!

*Saa mbili usiku.* Zamu zimeanza upya. Nimebuni jambo. Nimeweka punje ya mchele kwenye uzi juu ya tikiti, na kila nusu saa naisogeza mbele kwa kipimo. Watu wakitoka kwenye zamu wanakuja kuuliza yuko wapi sasa. Nawaonyesha. Saa kumi na moja alikuwa jirani na kikonyo. Mzee Beatus akauliza huko kwenye barafu mbu wapo? Nimeliandika tumwulize Digna. Sasa anashuka Kanada. Mama Evelina ameivuta meza ya tikiti karibu na kiti chake.

Ijumaa, 8 Agosti

Simu ililia jana saa tano kasoro dakika ishirini usiku. Ujumbe: "Mama nimetua salama. Huku ni saa saba kasoro dakika ishirini mchana, jua linawaka."

Wengine waliruka wakipiga vigelegele. Mimi niliusoma tena. Saa saba kasoro dakika ishirini! Nilisema nini Jumatatu? Niliandika nini kwenye karatasi? Saa saba kasoro dakika ishirini! Tiketi haikukosea, wala mimi. Nikaomba jumuiya iandike jambo hilo kwenye kumbukumbu. Mwandishi wa kumbukumbu ni mimi, kwa hiyo nimeandika.

Masalu akanieleza kwa tochi na tikiti. Jua likiwa limetuacha sisi gizani, huko ndiyo linafika. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa kumi. Doha saa ni sawa na zetu, ndiyo maana Jumatano nilipata. Ukitoa zile za tiketi bila kujali hilo, zinapungua kumi. Nne na dakika arobaini, ongeza kumi: kumi na nne na dakika arobaini.

Ni hilo tu? Ongeza kumi? Angesema mapema!

Leo nimesafisha mashine kwa spiriti na pamba, nikachapa tiketi upya. Safu ya kulia ikatoka nyeusi tii. *Muda wa safari: saa 14, dakika 40.* Kumbe si matangazo. Nilitaka kuchapa na ukurasa wa kurudi, wino ukaisha. Karatasi nimeiweka chini ya godoro. Stefania ameiona. Ameanza kunisemesha, lakini anasema kitu kimoja tu: kuku wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Uchaguzi. Masalu kura thelathini na moja. Mimi mbili.

Moja ni yangu. Ya pili sijui ni ya nani. Stefania ameapa si yake, tena bila kuulizwa.

Nilidhani nitaondolewa hata ukatibu. Lakini Mwenyekiti mpya alisimama akasema jumuiya inamhitaji mtu anayependa kujua mambo, na kwamba punje ya mchele ilimpa mama moyo kuliko hotuba. Mama Evelina akaitikia kwa kichwa. Akasema zamu za Digna kurudi apange Fulgensi, maana mtu aliyeungua ulimi hupuliza.

Nilitokwa na machozi kidogo. Ni vumbi la kiangazi.

Jumanne, 12 Agosti

Masalu yuko Namawala kwenye ng'ombe zake, atarudi Jumamosi. Vizuri. Nahesabu bila kusumbuliwa.

Nimetumia ule ukurasa hafifu wa zamani wa kurudi, saa zinasomeka. Kuondoka Seattle Jumamosi saa kumi na nusu jioni. Kufika Doha Jumapili saa kumi na nusu jioni. Ni saa ishirini na nne kamili. Mjinga angeishia hapo. Mimi sikuishia hapo. Nimeongeza kumi.

Saa thelathini na nne!!

Nilishangaa mwanzoni, maana tikiti ni lilelile na uzi ni uleule. Halafu nikaelewa. Kwenda alikuwa mikono mitupu; kurudi ana mizigo ya zawadi, na ndege nzima ni ya watu wenye zawadi. Lazima itembee taratibu. Ni ajabu kwamba hakuna aliyewahi kuliona hili.

Mama Evelina aliposoma orodha aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Ati Digna amemwambia kwa simu kwamba atakapopanda ndege huku kwetu itakuwa usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane na nusu. Nikamwambia mama, mtoto amechoka na mikutano, anachanganya siku. Safari hii nimehesabu kwa kanuni ya Masalu mwenyewe.

Rozari sitini na nane, nusu saa kila moja, mpaka Doha tu; za kutoka Doha nitazipanga baadaye. Tunaanza Jumamosi saa kumi na nusu, bila kuchelewa, tunamaliza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Nimebandika mlangoni kwake, steshenari, na kwenye mti wa umeme. Saa nane ya usiku inatokea mara mbili katika orodha. Zote mbili nimempa Mwenyekiti.